Kompyuta Zisizosalimiana

Mwalimu alikuwa amelala chali kando ya meza yake, miguu imeelekea mlangoni, miwani imening'inia kwenye sikio moja. Damu iliyotoka kisogoni ilikuwa imefuata ufa wa sakafu hadi ukutani na kuanza kukauka. Juu ya meza, kompyuta yake kuukuu, ile ya kioo chenye kisogo kikubwa, ilikuwa bado inanguruma.

Inspekta alisimama mlangoni bila kusema neno. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na askari wa kituo chake walijua kwamba akinyamaza hivyo ni heri mtu ajitafutie kazi ya nje.

"Nani kamgusa?" aliuliza hatimaye.

"Binti yake, Afande," alijibu konstebo. "Alimletea chakula cha mchana, akamkuta hivi. Alimtikisa."

"Mwingine?"

"Hakuna."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti. Alifungua vifungo vya shati la marehemu na kuonyesha kifuani. Palikuwa na michubuko miwili, kila mmoja ukubwa wa kiganja.

"Kasukumwa," alisema. "Kisogo kimegonga kona ya meza. Meza yenyewe ya chuma."

"Akafa papo hapo?"

Daktari aliuinua mkono wa marehemu. Kucha zilikuwa zimejaa nyuzi za zulia.

"Hapana. Aliishi. Nusu saa, labda zaidi. Amejaribu kujikokota. Mtu angeita gari la wagonjwa, saa hizi tungekuwa tunamhoji hospitalini."

Inspekta aliyatazama yale makwaruzo ya zulia kwa muda mrefu. Kumsukuma mzee ni hasira, na hasira kila mtu anayo. Lakini kumwacha ajikokote chini kama mdudu aliyekanyagwa ni jambo jingine kabisa.

"Pigeni picha kila kitu," alisema. "Chukueni alama za vidole, mezani, mlangoni, na kwenye hiyo mashine. Nyuma yake pia. Vumbi la huko nyuma limefutwa."

Nchi nzima iliimba nyimbo za Mwalimu. Watoto waliziimba shuleni, maharusi waliingia nazo ukumbini. Alikuwa mwalimu wa kwaya tangu ujana wake, na mwezi uliofuata chama cha kwaya kilikuwa kitoe kitabu cha nyimbo zake na kuupa ukumbi mpya jina lake. Mkewe alifariki miaka kadhaa nyuma. Alikuwa na watoto wawili tu, na wote walikuwemo nyumbani siku hiyo.

Binti alikuwa mshonaji. Kiwanda chake kilikuwa banda la nyuma, lenye vyerehani vya umeme na vitambaa hadi darini. Inspekta alimkuta ameketi kati ya sare za shule zisizo na mikono, uzi umeganda kwenye nywele, macho mekundu.

"Leo mligombana na baba yako?"

"Leo? Afande, sisi tunagombana tangu nilipojifunza kuongea."

"Leo."

"Asubuhi. Uji ulikuwa na mabonge, eti. Nikamwambia apike mwenyewe."

"Ukasema nini kingine?"

Mshonaji aliinua kichwa. "Nikasema siku nikifa ndipo atajua mimi ni mtu. Unataka nikufiche? Nimemfulia, nimempikia, nimemkata kucha, na akija mgeni ananitambulisha kama 'huyu wa nyumbani'. Nilikuwa na hasira naye. Lakini sikumgusa."

"Baada ya hapo uliingia chumbani kwake?"

"Sikuingia mpaka nilipopeleka chakula. Nilikuwa humu. Mashine zikiwaka sisikii hata radi."

"Nani alikuona?"

"Nani anione? Sare?"

Jirani wa upande wa pili wa ukuta, muuguzi mstaafu, alikuwa anaanika nguo mchana ule. Alitoa maelezo yake huku akifinya ncha ya kanga.

"Nilisikia mwanamke anamkaripia Mwalimu, mwanangu. Kwa sauti kubwa kweli. 'Hapana! Siyo hivyo! Rudia!' Kisha tena, 'Hapana!' Nikajiambia, loo, leo binti kachoka."

"Una hakika ni binti?"

"Sauti ile naijua. Nimeisikia miaka yote."

Alibaki kaka mtu. Nyumbani walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kusimamia mitambo ya maji huko mbali. Alikuwa amekuja likizo na kukaa chumba cha ghorofani. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, kompyuta mpakato mpya iko wazi mbele yake.

"Ulikuwa wapi mchana?"

"Hapa hapa, Inspekta. Sikushuka tangu chai ya asubuhi mpaka dada alipopiga mayowe."

"Ukifanya nini?"

"Nanakili nyimbo za Mzee. Kompyuta yake imechoka, inaweza kufa wakati wowote. Nyumba nzima ina mtandao, niliufunga mwenyewe. Kwa hiyo nakaa juu, navuta mafaili kutoka chini." Aliugeuza mpakato. "Tazama. Yote haya yameingia leo mchana. Saa zimeandikwa."

Inspekta aliona safu ndefu ya nyimbo, na saa zake, kama alivyosema.

"Jirani kasikia mwanamke akimkaripia baba yako. 'Hapana, siyo hivyo, rudia.' Wewe hukusikia?"

Injinia alijifuta uso kwa kiganja.

"Sikutaka kulisema hili," alisema polepole. "Ni dada yangu. Lakini ndiyo. Nilisikia. Sauti yake. Nilifikiri ni ugomvi wao wa kila siku."

"Uko tayari kuandika hivyo na kutia saini?"

"Niko tayari."

Jioni hiyo mshonaji alitiwa pingu mbele ya geti lake. Hakulia. Alimtafuta kaka yake kwa macho dirishani, akamwona, na kaka akavuta pazia.

Inspekta aliliona pazia hilo.

Kesi ilikuwa imekaa vizuri: ugomvi wa asubuhi, sauti ya mwanamke, shahidi wa nje na shahidi wa ndani. Bado ilikuwa inamkereketa kooni. Kila alipowauliza watu walikuwa wapi, walikuwa wamejibu kama watu: wanababaika, wanakumbuka, wanajirudi. Injinia peke yake ndiye aliyejibu kwa kugeuza kompyuta.

Asubuhi alishuka kwenye maabara ya kitengo cha uhalifu wa mtandao. Sajini wa pale aliitwa Fundi Waya, mwanamume mnene aliyezungumza na mashine zaidi kuliko alivyozungumza na mkewe. Tayari alikuwa ameziweka kompyuta zote mbili juu ya meza moja, ya Mwalimu na ya mwanawe, pamoja na kisanduku cha mtandao kilichong'olewa nyumbani kwao.

"Nithibitishie jambo moja tu," Inspekta alisema. "Huyu bwana anasema alivuta nyimbo kutoka hii kuukuu kwenda hii mpya, kwa mtandao. Nifanyie alivyofanya. Nione."

"Dakika tano, Afande."

Dakika tano zikapita. Zikapita nyingine. Fundi Waya alibadilisha waya. Alizima kisanduku, akakiwasha. Alijikuna shingo.

"Vipi?"

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja. Vipi?"

"Waya mzima. Kisanduku kizima. Nikiiita hii kuukuu kutoka kwenye mpakato, inaitika. Hata jina lake naliona hapa, 'MWALIMU'. Lakini nikigusa folda ya nyimbo, mpakato unagoma."

"Umekosea nywila."

"Folda haina nywila. Mzee aliiacha wazi." Fundi Waya alivuta kiti. "Sikia, Afande. Kompyuta kupeana mafaili ni lazima zikubaliane lugha. Hii ya Mwalimu inajua lugha moja tu, ya zamani. Wezi wa mitandaoni waliijua mno lugha hiyo, wakaingilia watu majumbani. Kwa hiyo kompyuta za siku hizi zinatoka kiwandani zimeifunga. Hazitaki hata kuisikia. Hizi mbili zinaonana, lakini hazisalimiani. Kama wake wenza."

"Inaweza kufunguliwa?"

"Anayejua anaifungua. Kwenye mipangilio, kisha unazima na kuwasha."

"Basi aliifungua, akamaliza, akaifunga."

"Ingeacha alama. Nimepekua. Haijawahi kufunguliwa tangu mpakato huu ununuliwe." Aligeuza kioo. "Ila alama zipo, za aina nyingine. Tazama jana asubuhi. Kajaribu, kakataliwa. Kabadilisha jina la kikundi cha mtandao ili lifanane na la kompyuta ya Mwalimu, kakataliwa. Kazima ulinzi wote wa kompyuta yake, kakataliwa. Hapa kajaribu tena na tena kama mtu anayepiga mlango teke. Kisha kaacha."

Inspekta aliegemea meza.

"Nyimbo ziliingiaje humo basi?"

"Kwa flashi. Kompyuta kuukuu ina kumbukumbu zake nayo. Flashi iliingizwa kabla ya adhuhuri, na ilitolewa karibu saa nane. Tundu lake liko nyuma, kwenye vumbi. Na ni la kizamani, Afande. Linanakili kama mtu anayehamisha pipa la maji kwa kijiko."

"Kwa hiyo aliyeiingiza..."

"Alikuwa ndani ya chumba kile. Muda wote, au aliingia na kutoka."

Inspekta alivuta simu. Aliongea na watu wa alama za vidole kwa maneno machache. Alipokata, uso wake ulikuwa umebadilika. Kidole gumba cha kulia, nyuma ya kompyuta ya Mwalimu, pale vumbi lilipofutwa. Cha Injinia.

"Kuna jambo jingine," Fundi Waya alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya flashi, kuna mtu alikuwa anafuta nyimbo. Moja baada ya nyingine. Anafungua, anaisikiliza, anaifuta. Nimezifufua baadhi."

Akabonyeza.

Mwanzoni ulisikika mkwaruzo, kisha kinanda. Sauti ya mwanamume ilijaribu mstari wa wimbo ambao Inspekta mwenyewe aliuimba darasani akiwa mdogo. Ikakwama. Ndipo mwanamke akaingilia, karibu na kinasa sauti, mkali, hana subira:

"Hapana! Siyo hivyo! Rudia!"

Mwanamume akarudia. "Hapana," mwanamke akasema, na akauimba mwenyewe, mstari mzima, na mwingine baada yake, ambao mwanamume yule hakuwa ameujua. "Umeshika? Andika basi." Na Mwalimu akajibu kwa unyenyekevu, "Ngoja, ngoja. Baada ya hapo inakwenda wapi?"

"Nani huyu?" Fundi Waya aliuliza.

"Marehemu mkewe," Inspekta alisema. "Ana sauti ya binti yake. Au binti ana yake." Akageuka akaenda zake, na mlango wa maabara ukajibamiza nyuma yake.

Injinia aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa suti ya msiba. Inspekta hakumkaribisha kiti. Alimsomea haki zake, akawasha kinasa sauti.

"Ulisema hukushuka."

"Sikushuka."

"Ulisema ulivuta nyimbo kwa mtandao."

"Ndiyo. Umeona mwenyewe."

"Niambie ulivyofanya. Hatua kwa hatua. Wewe ni injinia."

"Unafungua folda ya kompyuta ya Mzee, unaburuta..."

"Ulifunguaje?"

"Kawaida. Inafunguka tu."

"Haifunguki. Tumejaribu mpaka fundi wetu kalowa jasho. Kompyuta yako inaikataa ya baba yako, na asubuhi ile ilikukataa mpaka ukakata tamaa. Imeandika kila ulipojaribu."

Injinia alilegeza tai.

"Kidole chako kiko nyuma ya mashine yake."

"Ile kompyuta nimeitengeneza mara nyingi..."

"Juu ya vumbi lililofutwa jana! Usinichezee!" Kiganja cha Inspekta kilitua mezani, kinasa sauti kikaruka. "Nami nimemsikia huyo mwanamke aliyekuwa anakaripia. Nimemsikia kwa masikio yangu. Unataka nikuchezee? Au utanitajia mwenyewe ni nani?"

Injinia aliketi bila kuambiwa.

"Mama," alisema.

"Rudia."

"Ni mama yangu."

"Ukaniangalia usoni ukaniambia ni dada yako."

Injinia aliinamisha kichwa.

"Umetumia sauti ya mama yako aliyekufa kumfunga binti yake aliye hai. Dada yako kalala mahabusu jana, juu ya saruji. Nataka ujue hilo kabla hujaanza kuniambia ulivyompenda mama."

Injinia alianza kulia, kilio cha hasira, cha mtu anayeuma meno.

"Nyimbo zote ni zake," alisema. "Zote! Mzee hakuwahi kutunga hata moja. Mama alikuwa anatunga jikoni, Mzee anaandika, na kesho yake anasimama mbele ya kwaya kama yeye. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nasikia. Mama alisema mwache, ni heshima ya nyumba. Akafa. Sasa wanampa ukumbi! Nilikuja kuzinakili sauti hizo, watu wasikie. Nilitaka nifanye kimya kimya, nikiwa juu, asijue."

"Mtandao ukagoma."

"Asubuhi nzima. Nilijaribu kila nilichokijua. Nikashuka na flashi, nikitarajia kumkuta amesinzia."

"Ukamkuta anafanya nini?"

"Anafuta." Sauti ilimkatika. "Anaifungua moja, anamsikiliza mama mpaka mwisho, kisha anafuta. Anafungua nyingine. Watu wa chama wangekuja kuichukua ile kompyuta waiweke kwenye maonyesho, ndiyo maana. Nikamwambia, Mzee acha. Akasema, 'Hizi ni takataka za jikoni.' Alisema hivyo. Za jikoni! Nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Ukaona damu."

"Niliona."

"Simu ilikuwa mfukoni mwako."

Injinia aligusa mfuko wa suti.

"Ilikuwa mfukoni?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Ukafanya nini?"

Injinia alitazama mikono yake. "Nikaingiza flashi."

Konstebo aliyesimama mlangoni aligeuza uso.

"Nilijua nikiita watu wataifunga nyumba, wataichukua mashine," Injinia aliendelea upesi upesi, kama mtu anayekimbilia mlango unaofungwa. "Nikasema zimalizike kwanza, kisha nitaita. Nilidhani hazitachukua muda. Lakini ile mashine ni nzito, inakwenda polepole, na mimi..."

"Ukakaa."

"Nilikaa kwenye kiti chake."

"Naye chini."

"Ndiyo."

"Alisema kitu?"

Injinia alifunika uso. Inspekta alimsogelea, akamwondoa mikono usoni, mmoja mmoja, bila nguvu.

"Alisema kitu?"

"Alikuwa anamwita dada," alisema. "Anaita tu jina lake. Dada hakusikia, vyerehani vilikuwa vinawaka. Akazidi kuita. Mimi... nikafungua wimbo mmoja wa mama. Nikaongeza sauti."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

"Kama kompyuta zingeshikana, Inspekta," Injinia alinong'ona, "nisingeshuka kabisa."

"Kompyuta zilikunyima nyimbo," Inspekta alisema. "Hazikukunyima simu. Msukumo ule ningeweza kuuelewa, mbele ya Mungu ningeuelewa. Ungepiga simu ningekutetea mwenyewe mahakamani. Mtoe mbele yangu, konstebo. Mtoe kabla sijasahau kazi yangu."

Mshonaji aliachiwa mchana huo. Alirudishiwa mkufu, viatu, na sindano tatu zilizokutwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Inspekta alimkalisha ofisini, akafunga mlango, akamweleza. Hakuficha zile sauti, wala kufutwa kwake, wala flashi. Alipofika kwenye yale makelele ya wimbo alisita.

"Maliza," mshonaji alisema.

"Baba yako alikuwa anakuita. Ndipo kaka yako akaongeza sauti."

Mshonaji alikaa wima, mikono mapajani. Nje mtu alikuwa akipiga honi, haachi.

"Ananiita mimi?"

"Wewe. Mpaka mwisho."

"Maisha yake yote hakuniita ila kwa chumvi," alisema. "Na mama wamemgombania kama kiti. Mmoja anamfuta, mwingine anamwiba. Hakuna aliyeniuliza mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namenya viazi akitunga. Nyimbo zile nazijua zote, na zile ambazo hakuwahi kumpa Mzee."

"Nitapenda uyaseme hayo mahakamani."

"Nitayasema mahakamani, nitayasema kwa watu wa chama, nitayasema sokoni." Alisimama, akavaa kiatu kimoja, akatafuta kingine kwa mguu. "Kaka atapelekwa wapi?"

"Gereza la mahabusu, mpaka kesi itajwe."

"Wanaruhusu chakula kutoka nyumbani?"

Inspekta alimtazama kwa mshangao. "Wanaruhusu."

"Basi mwambie atakula. Sitaki mtu aseme mtoto wa mama kakosa chakula. Nitapika na nitaleta, kila siku ya kesi yake, na nitamwachia askari getini." Alifungua mlango, na pale kizingitini akageuka, macho makavu kabisa. "Lakini sauti yangu, Afande, mwambie asiingoje. Hataisikia tena."

Akatoka. Inspekta alimsikia akipita korido ndefu bila kumjibu yeyote aliyemsalimu.